Nilimnunua kijibwa barabarani kwa huruma, sasa binti yangu anataka tuwaokoe wengine

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Nairobi nikiwa na uchungu ambao wenzangu kazini hawauelewi, kwa kuwa aliyekufa ni mbwa.

Wiki tatu zilizopita, Ijumaa jioni, nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya magari pamoja na watoto wangu wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5. Kijana mmoja, ambaye kwa kumtazama hakuwa amefikisha miaka 20, alikuwa akipita kati ya magari akiwa amewashika vijibwa wawili, mmoja kila mkono, huku wa tatu akichungulia kutoka ndani ya koti lake. Jua lilikuwa bado kali. Vijibwa wenyewe walikuwa wametulia kabisa, hawakulia wala hawakujinyonganyonga, na binti yangu akasema kwamba hajawahi kuona mbwa wenye adabu namna ile. Yule kijana aliniambia, "Mama, huyu ni German Shepherd kamili, ana miezi miwili na ameshadungwa sindano zote." Alianza na shilingi 8,000, na magari yaliposogea akakubali 3,500. Nilimlipa kwa simu, naye akanirushia kupitia dirishani kikaratasi kilichoandikwa jina la chanjo kwa kalamu, bila mhuri wala sahihi. Kusema kweli, sikununua kwa sababu ya hiyo German Shepherd. Nilinunua kwa sababu kijibwa huyo alinitazama, na nikaona haya kufunga kioo.

Usiku huo tulipomwogesha, maji yaligeuka meusi, na mgongo uliokuwa mweusi ukabaki wa rangi ya udongo. Jumamosi alikula kidogo. Jumapili alianza kutapika, na alipokuwa akilazimishwa kunywa maziwa alimng'ata mwanangu kidoleni kwa vile vijino vyake, ingawa damu ilikuwa kidogo tu na nilimpaka mafuta. Usiku akaanza kuhara damu. Jumatatu daktari wa mifugo alimwekea dripu, akasema inaonekana ni parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaowashambulia watoto wa mbwa, na kwamba kwa umri alikuwa na wiki tano hivi. Alikufa Jumanne alfajiri. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya mpera.

Sasa Alhamisi iliyopita tumepita palepale, na kijana ni yuleyule, safari hii akiwa na watoto watatu wa mbwa ndani ya katoni. Binti yangu alilia akisema, "Mama, wanunue wote, la sivyo watakufa." Niliondoa gari, na tangu hapo mtoto hanisemeshi vizuri. Dada yangu aliyeko Mombasa, ambaye ni mcha Mungu, amenikumbusha kisa cha yule mtu aliyeteremka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, naye Mungu akamsamehe dhambi zake. Akaniambia kwamba hakuna anayekosea kwa kuokoa roho. Mume wangu anataka tumtafute kijana huyo aturudishie pesa, na ikibidi vijana wa mtaani wamfunze adabu. Mwenzangu kazini naye anasema tumwache kijana atafute riziki, kwani ni afadhali auze mbwa kuliko aibe.

Shangazi, je, ni kosa kuwanunua nikijua kwamba nia yangu ni kuwaokoa? Je, nimshtaki kijana yule? Na binti yangu nimwambie nini?

Mama wa watoto wawili, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba huo. Nauita msiba bila kusita, maana mtoto aliyemzika mnyama wake amezika, hata kama watu wazima wanaomzunguka hawana jina la kuyapa machozi yake.

Lakini kabla sijagusa maswali yako matatu, inanibidi nirudi kwenye sentensi moja uliyoipitia haraka katikati ya barua yako. Kijibwa huyo alimng'ata mwanao hadi akatoka damu, kisha akafa. Tafadhali mpeleke mtoto hospitalini leo hii na umweleze daktari mambo yote mawili. Daktari wa mifugo alisema inaonekana ni parvo, na huenda yuko sahihi. Parvo ya mbwa haimwambukizi binadamu. Hata hivyo, kuugua parvo hakumzuii mbwa kuwa pia na kichaa cha mbwa, na kutojua ndiko kunakonitia hofu. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mbwa aliyemng'ata mtu akibaki hai na mzima kwa siku 10, hofu ya kichaa huondoka. Wenu hakumaliza hata siku mbili baada ya kumng'ata mtoto, kwa hiyo kanuni hiyo haiwezi kuwapa utulivu wowote.

Usidhani kwamba wiki tatu ni nyingi mno na kwamba kama ni jambo lingeshaonekana. Kwa kawaida dalili za kichaa hujitokeza kwa binadamu baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja au kuchelewa hadi mwaka, na zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Sindano zikitolewa kabla ya dalili humkinga mtoto, na hutolewa kwa tarehe maalumu ambazo hazifai kurukwa hata moja. Siku nyingine yeyote nyumbani aking'atwa au kuparuzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha safari ya hospitali ianze. Mafuta hayasaidii kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na watoto wa umri wa wanao ni miongoni mwa wanaopatwa mara nyingi. Kenya imekuwa na mkakati wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu tangu mwaka 2014, na mkakati huo unategemea chanjo za mbwa, yaani kitu kilekile ambacho kikaratasi chako cha dirishani kiliigiza.

Kwa kuwa tumefika kwenye kikaratasi hicho, acha nikuonyeshe jinsi kilivyokuwa uongo hata kabla wino haujakauka. Chanjo ya parvo na magonjwa mengine ya utotoni huanza mbwa anapokuwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi anapofikisha wiki 16 hivi. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu. Kijibwa wa miezi miwili kamili hawezi kuwa amemaliza "sindano zote", sembuse huyu wa wiki tano, aliyestahili kuwa bado ananyonya. Na ule utulivu ambao binti yako aliuita adabu ulikuwa, kwa jinsi ninavyoufahamu umri huo, uchovu wa kiumbe mwenye kiu aliyeshikwa juani kutwa nzima. Mtoto wa mbwa mwenye afya, akishikwa na mgeni katikati ya honi za matatu, hupiga kelele na kutafuta njia ya kushuka.

Sasa nije kwenye huruma, kwa sababu hilo ndilo swali lako la kweli, na sitaki kulijibu kwa ukali. Huruma yako ni njema, nami simlaumu mtu anayeona haya kufunga kioo. Lakini kitazame vizuri kisa alichokukumbusha dada yako. Yule msafiri aliteremka kisimani kwa miguu yake mwenyewe, akachota maji na kumpa mbwa. Hapakuwa na mtu pembeni aliyemzuilia mbwa yule maji ili wapita njia wamwonee huruma na kulipa. Kama angekuwepo, na kama msafiri angemlipa, kesho yake pale kisimani pangekuwa na mbwa wawili wenye kiu badala ya mmoja. Biashara ya foleni inaendeshwa kwa namna hiyo. Bidhaa inayouzwa pale ni macho ya mnyama anayeteseka, na kadiri anavyoonekana mnyonge ndivyo dirisha linavyofunguka kwa wepesi.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii, nalo ndilo linaloifanya biashara hii iwe na faida. Virusi vya parvo vikishaingia mwilini, kwa kawaida hukaa siku tatu hadi saba bila mbwa kuonyesha dalili. Katika siku hizo mbwa anacheza, anatikisa mkia na anauzika. Kutapika na kuhara damu huanza akiwa tayari kwako, na gharama ya dripu, machozi ya watoto na kaburi chini ya mpera vyote vinakuwa vyako. Muuzaji hana sababu ya kununua chanjo ikiwa kifo cha mnyama kitamwangukia mtu mwingine. Ndiyo maana nasema kwamba hata wewe ambaye ulinunua kwa huruma, na jirani yako ambaye angenunua kwa kutaka mbwa wa bei nafuu, mnaweka mkononi mwa muuzaji shilingi ileile. Pesa haibebi nia ya aliyeitoa.

Nyuma ya katoni ile yuko pia mama ambaye humwoni. Mimba ya mbwa huchukua siku zipatazo 63, na jike huweza kushika mimba takriban mara mbili kwa mwaka. Mama wa wale watatu amenyang'anywa watoto wakiwa na maziwa mdomoni, na kila katoni inayoisha upesi barabarani ni sababu ya kumpandisha tena bila mapumziko. Huyo huwezi kumwokoa kupitia dirisha la gari. Ukinunua, unamwagizia mimba nyingine.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usiwanunue, hata wakiwa watatu, hata binti yako akilia. Na sitakudanganya kwamba uamuzi huo hauna gharama. Inawezekana kabisa kwamba wale watatu uliowaacha Alhamisi wamekufa au watakufa, na utakuwa umewaona. Ninajua uzito wake, kwa sababu miaka mingi iliyopita, nikiwa mama kijana, nilinunua kijibwa sokoni, akafa kwa kuhara damu, na baada ya wiki mbili, kwa kutaka kuwanyamazisha watoto, nikanunua wa pili kwa mtu yuleyule na kumlaza kwenye sanduku lilelile. Naye alikufa kama mwenzake, katika siku ya sita. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba virusi vile hubaki ndani ya nyumba kwa miezi, na kwenye udongo wenye kivuli huweza kufikisha mwaka.

Nakuambia wewe sasa ili usirudie kosa langu. Matandiko ya kijibwa yateketezwe. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni hadi uchafu wote utoke, kisha ipanguswe kwa dawa ya klorini ya kupaukisha nguo, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iachwe ikiwa imelowa kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Udongo wa uani hauwezi kusafishwa namna hiyo, kwa hiyo kwa muda wa mwaka mmoja hapo kwenu pasiingie kijibwa ambaye hajakamilisha chanjo. Tena, waambie majirani wenye mbwa, ingawa najua ni aibu kueleza ulivyomnunua. Viatu vyenu vinaweza kubeba virusi hadi kwenye ua wao, na wana haki ya kujua ili wawakague wanyama wao.

Kuhusu yule kijana, namkatalia mume wako moja kwa moja, na umwambie nimesema hivyo kwa heshima. Kuwaita vijana wa mtaani "wamfunze adabu" mtu katika jiji letu ni kuwasha moto usioweza kuuzima. Tumeona mara nyingi jinsi kundi linavyokusanyika kwa neno moja la "mwizi" na jinsi linavyomaliza. Mbwa aliyekufa hafidiwi kwa mifupa ya mtoto wa mtu. Pesa nazo mzihesabu kuwa zimekwenda. Kama muuzaji huyu ni kama wengi wa barabarani, hana duka wala risiti, na huenda hata wale vijibwa si mali yake, bali ni za mtu anayembebesha asubuhi na kumngoja jioni.

Lakini simkubalii pia mwenzako wa kazini. Riziki ni jambo zito, na mtu mwenye njaa hastahili kudharauliwa. Hata hivyo, kijana huyo huyo angeweza kusimama palepale akiuza maji au njugu, nami ningekuhimiza ununue kwake kila jioni. Kinachokatazwa ni bidhaa yenyewe. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ambayo ni Sura ya 360, inalihesabu kuwa kosa la jinai kumbeba au kumfungia mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu. Kwa hiyo toa taarifa: mahali, siku, saa na hali ya wanyama uliowaona. Chama cha KSPCA, ambacho kimekuwa kikihudumia wanyama nchini tangu mwaka 1910 na kina makao yake Karen, hupokea taarifa za namna hii, na ofisi ya mifugo ya kaunti nayo ipo kwa kazi hiyo. Usishuke kwenye gari kugombana naye, wala usisambaze picha ya uso wake kwenye makundi ya simu, kwa sababu picha ikisambaa tunarudi kulekule kwa vijana wa mtaani. Taja wanyama na mahali, na uwaachie wenye mamlaka watu.

Kama familia bado inataka mbwa, na natumaini kwamba mwaka ukipita mtamtaka, nendeni huko huko KSPCA mkamchukue mbwa aliyekwisha kukomaa na kuchanjwa. Wengi walioko huko ni mbwa wa kienyeji, wale tunaowaita mbwa koko kana kwamba ni tusi, na mimi nimewafuga kwa miaka mingi bila kuwajutia. Mkitaka ukoo maalumu kwa gharama yake halisi, basi nendeni nyumbani kwa mfugaji, mkatae kukutana naye kwenye kituo cha mafuta au maegesho, na mwombe kumwona mama akiwa na watoto wake. Huko Uingereza jambo hili limefanywa sheria kwa upande wa England tangu Aprili 2020: wafanyabiashara wa kati hawaruhusiwi kuuza watoto wa mbwa wenye umri chini ya miezi sita, na mfugaji hutakiwa kuwauza pale walipozaliwa, mama yao akiwepo. Sisi hatuna sheria kama hiyo, lakini hakuna anayetuzuia kuwa na sharti hilo mioyoni mwetu. Karatasi ya chanjo nayo iwe na kibandiko cha chupa ya dawa, tarehe, sahihi na namba ya usajili ya daktari wa mifugo, namba ambayo unaweza kuiuliza kwa bodi inayowasajili. Mfugaji akikuambia kwamba mama yuko kijijini, fungua gari lako uondoke.

Imebaki habari ya binti yako. Ana miaka 9, na katika umri huo mtoto hugundua upesi anapopewa maneno ya kumtuliza tu, kwa hiyo mpe ukweli kwa hesabu ya siku. Mwambie kwamba kijibwa wenu alianza kutapika Jumapili, siku mbili baada ya kufika, na ugonjwa ule huchukua angalau siku tatu kujitokeza. Kwa hiyo aliingia mlangoni kwenu akiwa nao, na si maziwa aliyompa, wala kumwogesha, wala kumkumbatia kulikomuua. Huenda hilo ndilo linalomnyima usingizi, kuliko hata wale watatu wa kwenye katoni. Kisha mweleze kwa nini uliondoa gari, kama nilivyokueleza mimi, bila kumficha kwamba wewe pia uliumia. Atakuuliza kama wale watatu walikufa. Mjibu kwamba hujui. Halafu, mkiandika taarifa kwa KSPCA, mkae mezani pamoja naye, yeye ataje rangi za vijibwa na mahali waliposimama, kwa maana nina hakika anakumbuka vizuri kuliko wewe, na jina lake liandikwe chini pamoja na lako.

Hayo ya mezani yanaweza kungoja hadi kesho. Leo mchukueni kaka yake, mwende hospitalini nyote watatu, na ukishapewa tarehe za sindano niandikie tena.